Tuliomba, tukafunga, na bado kanisa likachomwa: maombi ya kitaifa yana kazi gani nchi ikigawanyika?

#1 Kinara wa Swali (mleta mada)
Wakuu salaam. Simkejeli mtu imani yake, mimi mwenyewe ni mlei na Jumapili nipo kwenye benchi.

Kenya ni nchi inayoombewa sana. Kila mwaka Nairobi kuna hafla ya maombi ya kitaifa, serikali na upinzani meza moja, chai inamiminwa, picha zinapigwa. Kila kampeni ina maombi yake. Mwaka 2007 makanisa yaliuombea uchaguzi, mengine kwa kufunga. Kura ikapigwa Desemba 27, Kibaki akaapishwa jioni ya tarehe 30, na Januari 1, 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, likatiwa moto watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo. Mpaka wino wa mkataba wa amani unakauka, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile, watu 1,133 walikuwa wameshakufa, na mamia ya maelfu wamehama makwao.

Waliochoma ni Wakristo. Waliochomwa ni Wakristo. Waliolipiza kisasi Naivasha na Nakuru mwishoni mwa Januari ni haohao. Sasa nielezeni, yale maombi yalikosa nini?

#2 Mlei Mkorofi
Nakaa mbele kabisa. Wajuzi njooni.

#3 Mama Kesha
Nani kakwambia yalishindwa? Februari 28 Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini hadharani, mpatanishi Kofi Annan akiwa kati yao. Wiki sita kabla ya hapo hakuna aliyedhani wale wawili wangekaa chumba kimoja. Sisi tuliokuwa kwenye makesha usiku ule wa Januari, milio ya risasi tukiisikia, tunajua tuliomba nini. Nchi nyingine zilifika mbali zaidi ya pale. Sisi tulisimama ukingoni. Mbona hilo hulihesabu kuwa jibu?

#4 Kinara wa Swali
#3 Mama, hapo umenibana. Lakini nikilikubali hilo, wale 1,133 niwaweke wapi? Wao hawakuombewa?

#5 Mama Kesha
#4 Sijasema hivyo, na hutanisemesha.

#6 Wakili Mtoro
Mleta mada, punguza kidogo. Umesema "waliochoma ni Wakristo" kana kwamba mahakama ilishawataja. Washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa waliachiwa huru mwaka 2009 na Mahakama Kuu ya Nakuru. Jaji alikuwa David Maraga, huyohuyo aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, na aliulaumu upelelezi wa polisi bila kuficha. Kisheria, hadi leo waliochoma hawajulikani.

#7 Mlei Mkorofi
Kisheria. Kijijini wanajulikana hadi jina la utani.

#8 Chaki Nyeupe
Nilifundisha historia sekondari, kwa hiyo mnivumilie, nitakuwa mrefu.

Kosa la mleta mada ni kuanzia 2007. Rudini nyuma. Wakati wa Moi, nani alithubutu kusema? Bunge lilikuwa la chama kimoja na magazeti yanaogopa. Mimbari ndiyo ilibaki. Mwaka 1986 chama tawala KANU kilipoleta kura ya mlolongo, watu wapange foleni nyuma ya mgombea, Baraza la Makanisa (NCCK) lilipinga. Askofu Ndingi wa Nakuru alipinga. Askofu Gitari wa Kianglikana alihubiri hadi nyumba yake ikavamiwa usiku mwaka 1989. Januari 1, 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini akauliza kama tawala za chama kimoja Afrika zitadumu baada ya zile za Ulaya Mashariki kuanguka. Askofu Okullu wa Maseno Kusini akafuata. Askofu Muge wa Eldoret alitaja unyakuzi wa ardhi kwa majina. Agosti mwaka huohuo waziri mmoja akamwambia akikanyaga Busia huenda asitoke salama. Akaenda, akahubiri, akafa njiani akirudi.

Watu hao waliomba NA wakatenda. Sasa jiulizeni, baada ya 2002 walikwenda wapi? Moi alipoondoka, kanisa lilihisi serikali mpya ni yao. Katibu mkuu wa NCCK wa miaka ile, Mutava Musyimi, aliingia bungeni kwa uchaguzi huohuo wa 2007. Mchungaji Pius Muiru aligombea urais. Askofu Margaret Wanjiru akachukua kiti cha ubunge cha Starehe. Mchungaji mwenye kadi ya chama atamkemea nani?

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hakuna kilichoharibika kwenye maombi. Kilichokufa ni sauti ya kanisa, na ilikufa tukiwa tunasherehekea.

#9 Kanzu Kijani
Mwalimu umesahau kutoa zoezi la nyumbani.

#10 Wakili Mtoro
#8 Muge alikufa kwenye ajali ya barabarani, aligongana na lori. Waziri Okondo alijiuzulu kwa sababu ya maneno yake, lakini mauaji hayakuthibitishwa. Tukiandika "aliuawa" tutakuwa kama wale tunaowalaumu.

#11 Chaki Nyeupe
#10 Soma tena. Niliandika "akafa njiani". Hilo la mauaji umelileta wewe.

#12 Mkongwe wa Ngong
Mwalimu umemwacha Padri Kaiser wa Jimbo la Ngong, Mmarekani aliyesimama upande wa waliofukuzwa mashambani. Aliuawa Narok 1999.

#13 Wakili Mtoro
#12 Agosti 2000, na mwili ulikutwa karibu na Naivasha. Mwanzoni ilisemekana alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya uchunguzi ikaamua aliuawa. Ushahidi wake mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, ndio ulioudhi wakubwa. Jimbo la Ngong uko sahihi.

#14 Mtoto wa Mchungaji
Nimesita kuandika hili lakini ngoja.

Baba yangu ni mchungaji, sasa amestaafu. Mwaka 2007 tulikuwa Bonde la Ufa, mahali sitapataja. Kanisa letu lilikuwa la watu wa lugha moja. Ng'ambo ya barabara dhehebu lilelile, mabati ya rangi ileile, waumini wa lugha nyingine. Novemba nzima makanisa yote mawili yalikesha yakiombea uchaguzi. Kwetu sala ilikuwa "Bwana, tupe kiongozi uliyemwandaa", na kila mtoto mle ndani alijua aliyeandaliwa ni nani. Sina shaka kwamba kule ng'ambo sala ilikuwa ileile na jina jingine.

Matokeo yalipotoka, upande mmoja ulisema Mungu amejibu. Upande wa pili ulisema Mungu ameibiwa. Mtu anayeamini kura yake imeibwa ana hasira. Anayeamini Mungu ndiye aliyeibiwa hana breki.

Ndiyo maana simkubali mwalimu moja kwa moja. Anasema maombi hayakuharibika. Yale niliyoyasikia kwa masikio yangu yaliharibika yakiwa bado mdomoni.

#15 Kinara wa Swali
#14 Asante. Nilikuwa nasubiri mtu aseme hili.

#16 Mama Kesha
#14 Mwanangu, pole. Lakini usiwapake wote. Kwetu tuliomba kwa zamu, Mkikuyu akimwombea Mluo na Mluo akimwombea Mkikuyu, na walikuwa wakilia.

#17 Mtoto wa Mchungaji
#16 Mama, hapo ni Nairobi?

#18 Mama Kesha
Ndiyo, Nairobi.

#19 Mtoto wa Mchungaji
Nilijua. Kanisa lenye makabila kumi benchi moja halipati nafasi ya kuomba upuuzi. Vijijini anayeomba upuuzi, nani wa upande wa pili angemsikia?

#20 Pwani Shwari
Assalaam alaykum na Bwana asifiwe, chagueni yenu. Mimi Mwislamu wa Mombasa, nawasoma tangu asubuhi na naona mmesahau jambo moja.

Agosti 2007 Raila alitia saini makubaliano na viongozi wa Kiislamu, hasa juu ya vijana wetu waliokuwa wakikamatwa na kupelekwa nchi za nje kwa jina la ugaidi. Kabla ya uchaguzi ikasambazwa nakala ya uongo, eti Raila ameahidi kuifanya Kenya nchi ya sharia. Ile karatasi ilisomwa makanisani, wakubwa kwa wadogo wakaiombea ishindwe. Sasa watu wamefunga na kukesha juu ya karatasi ya kughushi, mnauliza maombi yalikosa nini? Yalikosa mtu wa kuuliza "hii imetoka wapi?"

#21 Kanzu Kijani
Sheikh amegonga msumari. Na 2010 je? Kura ya maoni ya katiba, makanisa makubwa yakapiga kampeni ya HAPANA kwa sababu ya mahakama za Kadhi ambazo zilikuwemo tangu uhuru.

#22 Mama Kesha
#21 Na kifungu cha utoaji mimba, usikipunje. Hilo ndilo lililotutoa nyumbani.

#23 Pwani Shwari
Mama, kwenye mimba tulikuwa pamoja nanyi. Mlipoongeza Kadhi mkatupoteza.

#24 Shamba Kwanza
Mnazunguka mbuyu. Jambo hili ni ARDHI. Mzungu alipoondoka miaka ya 60, mashamba ya Bonde la Ufa yaligawanywa kwa miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi. Aliyekuwa na pesa au jamaa serikalini alipata. Aliyedai ni ardhi ya babu zake akabaki akiangalia kupitia uzio. Moto ulikuja 1992, ukarudi 1997, ukarudi 2008, na mara zote ni wakati wa uchaguzi kwa sababu wanasiasa wanajua mahali pa kuweka kiberiti. Kiambaa ni nini? Makazi ya watu walionunua ardhi. Ombeni hadi magoti yatoke sugu, hati miliki haibadiliki jina.

#25 Mlei Mkorofi
#24 Kwa hiyo tumwombe Waziri wa Ardhi.

#26 Fundi Josho
Shamba Kwanza uko sawa na hauko sawa. Mimi ni wa upande wa Burnt Forest. Nimeshika nyundo, naongea nilichokiona.

Watu wanamkumbuka Askofu Cornelius Korir wa Eldoret kwa sababu Januari 2008 alifungua uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, watu karibu 10,000 wakakaa humo. Hilo ni kweli, lakini lilimchosha kidogo akisifiwa kwalo, maana alikuwa ameshafanya hivyo 1992 na watu walirudi nyumbani wakapigana tena. Kilichokuwa kipya ni kilichofuata. Aliita Amani Mashinani. Utaratibu wake ulikuwa wa polepole hadi unaudhi. Kwanza kila upande unakaa peke yake, wanatoa machungu yote, wanatukana, hakuna anayewakatiza. Halafu wachache kutoka kila upande, wazee na akina mama na vijana waliobeba mishale wenyewe, si wale wasafi waliokaa nyumbani. Wanaandika orodha ya makosa, ya kwao na ya wenzao. Vikao vinarudiwa na kurudiwa. Chakula cha pamoja kinakuja mbele sana, ukikileta mapema mtu anaona unamnunua. Mwisho kabisa unatafutwa mradi ambao upande mmoja hauwezi kuuendesha bila mwingine.

Kwetu mradi ulikuwa josho, bwawa la dawa la kuogeshea ng'ombe. Wasiofuga hawataelewa, kwa hiyo nieleze. Ng'ombe asipoogeshwa kila wiki anapata kupe, kupe analeta ndigana, na ndigana inamaliza zizi. Lakini ukiogesha wako na jirani haogeshi, kupe wanarudi kwako kupitia malisho. Josho letu lilibomolewa 2008 na kila upande ulikuwa na ng'ombe wanaokufa. Wao walileta mawe, sisi tukaleta mchanga, simenti ikatoka jimboni. Mafundi tulikuwa wanne, wawili wawili. Siku ya kwanza hakuna aliyemwachia mwenzake mwiko. Siku ya kujaribu maji ulitokea ubishi wa ng'ombe wa nani atangulie kuruka, tukapiga kura ya njiti.

Hati miliki haikubadilika, Shamba Kwanza. Lakini kila wiki lazima tuonane.

#27 Kinara wa Swali
#26 Swali moja. Katika vikao hivyo, mlikuwa mnaomba?

#28 Fundi Josho
Mwanzoni ilikuwa Baba Yetu tu, basi. Mara ya kwanza mzee mmoja alipewa nafasi ya kuomba kwa maneno yake, akaanza "Ee Bwana, unawajua waliochoma nyumba za watu wako…" Kikao kikavunjika. Baada ya hapo katekista akasema hapa tunasali sala ambayo hakuna aliyeitunga. "Utusamehe makosa yetu" peke yake ilitosha kunyamazisha chumba.

#29 Mtoto wa Mchungaji
Hiyo #28 imenigusa kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

#30 Shamba Kwanza
Hadithi ya josho nzuri, nakiri ufundi wake. Ila msitufanye watoto. Bonde la Ufa lilitulia 2013 kwa sababu Uhuru Kenyatta na William Ruto waliungana. Basi. Wote wawili walikuwa na kesi za ghasia zile kwenye mahakama ya kimataifa The Hague, wakaona afadhali gari moja. Mnakumbuka Aprili 2011 waliporudi kutoka huko? Uhuru Park, mkutano wa "maombi". Wakuu wawili wakapiga magoti, na makabila mawili yaliyochinjana, Wakikuyu na Wakalenjin, yakaambiwa adui ni mzungu. Mkutano wa kisiasa ulivishwa kanzu, na ULIFANYA KAZI. Kwa hiyo kama ni maombi yaliyoleta amani, ni yale, na hayakuwa na toba hata chembe.

#31 Chaki Nyeupe
#30 Amani ya wakubwa wawili kushikana mikono hudumu hadi waachane.

#32 Fundi Josho
#30 Na walipoachana? 2022 Uhuru alikuwa kwa Raila, Ruto upande mwingine. Kwa hesabu yako Burnt Forest ingewaka. Haikuwaka.

#33 Shamba Kwanza
#32 Kwa sababu Mkikuyu wa kawaida alimpigia Ruto kura, mzee. Bado ni hesabu ya kura, josho halimo.

#34 Fundi Josho
Labda. Wewe ulikuwa wapi usiku ule wa kutangaza matokeo? Mimi nilikuwa josho na majirani, tunazungushana simu ya betri moja. Huwezi kuniambia halimo.

#35 Kanzu Kijani
Naleta sababu ya tatu au ya nne, sijui tuko ngapi. PESA. Mwanasiasa anakuja Jumapili na bahasha, anapewa kipaza sauti, anatukana wenzake kati ya sadaka na baraka ya kufunga. Mchungaji anasema amina kwa sababu paa bado halijaisha. Ndiyo maana nilifurahi Septemba 2021 Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza dayosisi ya Kianglikana. Askofu Mkuu Ole Sapit alikataa wanasiasa kuhutubia, Raila akiwa amekaa palepale. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akaagiza zirudishwe pesa za Rais zilizotolewa parokia ya Soweto, Kahawa West, milioni 2.6, pamoja na za gavana. Kwangu mimi kurudisha zile pesa ni sala ndefu kuliko kesha.

#36 Mlei Mkorofi
#35 Katika zile kulikuwa na laki 6 za kwaya na wengine. Mimi ni kwaya, sauti ya nne. Niliomba sana siku ile, ila sikuomba mlichodhani.

#37 Kanzu Kijani
😂😂 Vaeni sare za zamani.

#38 Mama Kesha
Bila vijana wa maandamano ya Juni 2024 kuyaandama makanisa yenyewe, maaskofu wangerudisha hata shilingi? Tuseme ukweli. Mimi ni mtu wa magoti na nasema, watoto wale walitukumbusha.

#39 Mlei Mkorofi
Mama Kesha leo upande wetu! Piga kengele.

#40 Mama Kesha
Sina upande. Someni Kutoka 14:15. Bahari iko mbele, Farao nyuma, Musa anaomba, na Mungu anamwambia, "Mbona unanililia mimi? Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Na Nehemia alipotishwa aliomba na akaweka walinzi, sentensi moja. Nimesoma hivyo maisha yangu yote. Nyie ndio mliotenganisha.

#41 Msafiri wa Gulu
Niongeze la majirani. Kaskazini mwa Uganda enzi za waasi wa Kony, watoto kwa maelfu walikuwa wanatembea jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini wasitekwe. Mwaka 2003 Askofu Mkuu Odama wa Gulu alichukua blanketi akaenda kulala nao mitaani, usiku kadhaa. Alikwenda na viongozi wenzake, Waanglikana na Waislamu pia, maana walikuwa na chombo chao cha pamoja, viongozi wa dini wa Acholi. Kabla ya hapo walikuwa wameshapigania sheria ya msamaha ya mwaka 2000 ili waliotekwa wakiwa watoto waweze kutoka msituni bila kufungwa. Wengi walitoka kwa sheria ile. Kony mwenyewe alikataa.

Waliolaumu walisema maaskofu wanafuga wauaji. Wazazi wa waliouawa nao walikuwa na lao la kusema. Sikuona mtu aliyeshinda ule mjadala.

#42 Mtu wa Bukavu
Jambo bandugu. Nyinyi munauliza kama maombi "inafanya kazi". Kwa Burundi, seminari ya Buta, Aprili 30, 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini wakaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Walikuwa wamefundishwa miezi mingi kukaa pamoja, kusali pamoja, kuongelea mambo ya kabila bila kuficha. Wakakataa kujitenga. Waliuawa 40. Je, ilifanya kazi ao haikufanya?

Kwetu Bukavu Askofu Mkuu Munzihirwa alipiga kelele kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili ya mji, wakamuua Oktoba 29, 1996. Vita haikusimama. Mupaka leo haijasimama, Goma na Bukavu munasikia wenyewe. Lakini hakuna mtu wa kwetu anasema alipoteza wakati.

#43 Kinara wa Swali
#42 Hapo sina la kujibu, ndugu. Poleni sana huko.

#44 Wakili Mtoro
Nami nina moja tu juu ya #42. Tofauti ya Buta na Kiambaa mmeiona? Buta watu walijengwa kabla. Kiambaa tulikimbilia kanisani tukidhani jengo litatulinda. Rwanda 1994 walikimbilia makanisani vilevile.

#45 Pwani Shwari
#44 Basi tusiseme ni kosa la waliokimbia, wakili.

#46 Wakili Mtoro
Sikusema hivyo. Nasema ni kosa la sisi wengine tuliokuwa na miaka kumi na tano ya kujiandaa, tangu 1992.

#47 Ngosha Mpole
Wakenya mmeongea, mniruhusu Mtanzania. Sisi tulikuwa tunawasoma 2008 tukisema "jamani majirani", tukijiona kisiwa. Sasa na kwetu ndiyo mjadala mkubwa. Mwaka 2025 kila mkutano wa viongozi wa dini ulikuwa "tuombee amani, tuombee amani", na upande mwingine wanajibu "haki kwanza, amani itafuata". Aprili 30, 2025 Padri Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu (TEC), alishambuliwa usiku palepale makao ya TEC, Kurasini. Juni Kanisa la Ufufuo na Uzima la Gwajima likafutiwa usajili baada ya kusemea utekaji wa watu. Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, ikaja, intaneti ikazimwa, na yaliyotokea mnayajua.

Ninachojiuliza ni hiki. Mtu akisema "tuombee amani" hapa kwetu, wengine wanasikia "nyamazeni". Tulifikaje mahali ambapo sala inasikika kama amri ya kukaa kimya?

#48 Mtoto wa Mchungaji
#47 Yeremia 6:14, wanasema amani, amani, wala hapana amani.

#49 Bibi wa Moshi
#47 Ngosha, usitujumlishe. Wapo tunaoomba amani kwa sababu tuna watoto barabarani, si kwa sababu tumetumwa na mtu. Haki naitaka. Mtoto wangu akiwa hai naitaka zaidi.

#50 Ngosha Mpole
#49 Shikamoo bibi. Nimekusikia.

#51 Msimamizi
Wadau, mada ni maombi na matendo ya Wakristo nchi ikigawanyika. Mabandiko matatu ya matusi baada ya #47 yameondolewa. Wanaotaka kuendelea na uchaguzi wenyewe, kuna nyuzi zake.

#52 Mlei Mkorofi
Msimamizi naye aombewe.

#53 Chaki Nyeupe
Nirudi kwa mleta mada. Mwaka 2008, Februari, NCCK walikiri hadharani kwamba walishindwa kwa sababu waliegemea pande na hawakusema kwa sauti moja. Kanisa kukiri hivyo si jambo dogo. Lakini nimewauliza vijana niliowafundisha, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia tamko lile. Wote wamesikia nabii gani alitabiri nani atashinda.

#54 Shamba Kwanza
#53 Walikiri, halafu? Nani alirudi shambani kwake kwa ungamo lile?

#55 Mama Kesha
#54 Wewe ukikosana na mkeo unarudishiwa nini kwa "nisamehe"?

#56 Shamba Kwanza
Chakula, mama.

#57 Kanzu Kijani
😂 Uzi ufungwe.

#58 Mkongwe wa Ngong
Usifungwe. Fundi Josho hajamaliza. Kwetu tuna josho limekufa na pande mbili haziongei tangu mgogoro wa mpaka wa malisho. Dawa mnanunua kwa mfuko wa nani? Kanisa likilipa, upande usio wa dhehebu hilo hautakuja.

#59 Fundi Josho
#58 Swali la mfugaji hilo. Kanisa lilitoa simenti na dawa ya kuanzia tu. Baada ya hapo kila ng'ombe analipiwa mlangoni, pesa inawekwa na kamati, mwenyekiti upande mmoja, mweka hazina upande wa pili, na daftari linalala kwa mtu wa tatu. Mwanzoni chifu alitaka kukaa kwenye kamati, tukakataa. Kipimo cha dawa asimamie mtu wa mifugo wa serikali, msipime kwa macho, ikiwa nyepesi kupe wanazoea.

#60 Mkongwe wa Ngong
Na asiyelipa?

#61 Fundi Josho
Ng'ombe wake hawaingii. Ugomvi tulio nao sasa ni wa mchungaji na padri, wote wawili wanataka ng'ombe wao waoge bure. Mweka hazina amekataa. Kikao kiko Alhamisi.

#62 Mlei Mkorofi
Nitakiombea.